Baraza la wilaya litapiga kura ya kutugawa: sisi wa kijijini tuna sauti gani?

*"Mimi ni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) katika kaunti ndogo iliyo pembeni kabisa mwa wilaya yetu, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwezi ujao baraza la wilaya, LC5, litapiga kura kama kaunti yetu ijitenge iwe wilaya mpya. Vijana wanasema wilaya ni kazi, barabara na hospitali. Wazee wanaogopa kwamba makao makuu yatawekwa upande wa pili, na mashamba na malisho yetu ng'ambo ya mto yatabaki katika wilaya ya wenzetu. Diwani wetu juzi alisema kila mwananchi atapiga kura, jana akasema ni madiwani tu. Wengine wanasema linalokuja ni jimbo la West Nile nzima. Nikiuliza maswali naitwa msaliti. Nimwambie diwani aseme ndiyo au hapana? Na wilaya ikija, ushuru wa soko utapanda?"*

Mwenyekiti, maswali yako ni mengi lakini yana shina moja. Watu wako wamechoka kupoteza siku nzima na nauli ya boda boda wakifuata saini moja ya ofisa wa wilaya. Papo hapo hawataki nafuu hiyo iwagharimu ardhi yao na ujirani wao. Wana haki ya kutaka yote mawili. Na kiongozi anayeuliza kabla ya kura anafanya kazi aliyochaguliwa kuifanya, kwa hiyo neno hilo la usaliti usilibebe.

Tuanze na nani anapiga kura. Kwa kuunda wilaya mpya, Katiba yetu ya 1995 haidai kura ya wananchi wote. Kifungu cha 179 kinalipa Bunge uwezo wa kubadilisha mipaka ya wilaya na kuanzisha wilaya mpya, na hoja hiyo lazima iungwe mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote, hata wale ambao siku hiyo hawakuingia ukumbini wanahesabiwa katika jumla. Kura ya madiwani wenu ni ombi rasmi. Azimio lao na kumbukumbu za kikao hupelekwa Wizara ya Serikali za Mitaa, wizara ikakagua, Wizara ya Fedha ikatazama gharama, Baraza la Mawaziri likajadili, ndipo waziri akapeleka hoja bungeni. Hoja ikipita, wilaya kwa kawaida huanza kazi tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapofunguliwa. Diwani wako alikuwa sahihi jana, si juzi. Lakini hata jana hakukwambia kwamba ndiyo yao bado haijawa wilaya.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikisimamisha uanzishaji wa maeneo mapya ya utawala kwa sababu ya gharama. Baraza linaweza kupitisha azimio kwa shangwe, kisha karatasi ikakaa Kampala miaka mingi. Huku nyumbani, watu wanakuwa wameshagombana juu ya makao makuu ya wilaya ambayo haipo. Nimefanya kazi na serikali za mitaa muda mrefu, na ugomvi wa namna hiyo ndio unaoniuma zaidi, maana hakuna aliyepata chochote.

Je, wananchi hawana nafasi kabisa? Wanayo. Kifungu hichohicho kinasema wilaya mpya iundwe kwa sababu ya haja ya utawala bora na kusogeza huduma karibu na watu, na kwamba yanaweza kuzingatiwa mawasiliano, sura ya nchi, wingi wa watu, uwezo wa kiuchumi na matakwa ya watu wanaohusika. Hilo la mwisho ndilo lenu. Tazama hata hivyo kwamba Katiba inasema "yanaweza". Matakwa yasiyoandikwa popote hayatamfikia mkaguzi wa wizara, wala kamati ya Bunge. Hapo ndipo wewe na muhuri wako mnapoingia, na nitarudi huko.

Wanaodhani kura ya wananchi wote ingemaliza ubishi, wakumbuke ya mwaka 1964. Tarehe 4 Novemba mwaka huo watu wa Buyaga na Bugangaizi, kaunti mbili za ufalme wa Bunyoro ambazo Waingereza walikuwa wameziingiza katika ufalme jirani wa Buganda, walipiga kura yenye njia tatu: kubaki Buganda, kurudi Bunyoro, au kuwa wilaya inayojitegemea. Bunyoro ilishinda katika kaunti zote mbili, na wilaya ya kujitegemea ikapata kura chache mno. Kabla ya siku yenyewe, ugomvi mkubwa ulikuwa nani ahesabiwe kuwa mwenyeji. Upande wa Buganda ulikuwa umewaleta askari wastaafu wakae Ndaiga, na serikali ya Waziri Mkuu Obote ikaamua kwamba watakaopiga kura ni wale tu walioandikishwa kwa uchaguzi wa 1962. Eneo hilo baadaye likawa wilaya ya Kibaale, na mwaka 2016 Kagadi na Kakumiro zikamegwa humo. Hapo kwenu mna watu waliohamia kwa biashara, mna waliorudi kutoka Kongo na Sudan, mna familia zilizooana pande zote za mpaka. Swali la nani ni mwenyeji lingewachoma haraka kuliko swali la wilaya.

Kuhusu jimbo la West Nile nzima, hilo ni jambo jingine lenye njia yake. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yaliruhusu wilaya kadhaa kukubaliana kuwa na serikali ya kanda, chini ya kifungu cha 178. Huko kweli kura za chini zinahesabika: theluthi mbili ya madiwani wa wilaya lazima wakubali, kisha theluthi mbili ya mabaraza ya kaunti ndogo katika wilaya hiyo yathibitishe. Buganda, Bunyoro, Busoga, Acholi na Lango zilitajwa moja kwa moja kuwa zimekubali, West Nile haikutajwa, na hata hizo zilizotajwa hazijapata serikali hiyo mpaka leo. Rais Idi Amin naye aliigawa nchi katika majimbo kumi mwaka 1974, letu likaitwa Nile, ila hayo yamepita. Anayechanganya mambo haya mawili mkutanoni, mwulize tu: azimio la mwezi ujao linataja kifungu gani?

Sasa tuje kwenye kile vijana wanachokitarajia, maana hapa ndipo watu wengi hukata tamaa baadaye.

Wilaya mpya huleta ofisi. Inakuja na mwenyekiti wa LC5 na baraza lake, ofisa mtendaji mkuu wa wilaya (CAO), mwakilishi wa Rais wilayani (RDC), mkuu wa polisi wa wilaya, ofisa wa elimu, ofisa wa afya, mhandisi, tume ya utumishi ya wilaya, bodi ya ardhi ya wilaya, na kiti cha mbunge mwanamke, kwa sababu Katiba inaipa kila wilaya mwakilishi mwanamke bungeni. Usidharau vitu hivi. Mwalimu anayefuatilia mshahara uliokwama, mjane anayetafuta barua ya ofisa ustawi wa jamii, mzee anayetaka hati ya ardhi, wote watapunguziwa safari. Na barabara ya kwenu itakuwa na mhandisi ambaye anaipita mwenyewe kila siku.

Lakini huduma nyingi ambazo vijana wako wanazililia hazifuati wilaya. Fedha za mpango wa maendeleo ya parishi (ngazi iliyo kati ya kijiji na kaunti ndogo), ule ulioanza 2022, ni shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka. Parishi zenu zikihamia wilaya mpya zinahama na milioni zao zilezile, haziongezeki. Shule za sekondari za serikali ziitwazo Seed zimekuwa zikijengwa kwa hesabu ya kaunti ndogo zisizo na sekondari ya serikali. Vituo vya afya vya ngazi ya tatu vinapangwa kwa kaunti ndogo, vya ngazi ya nne kwa kaunti. Hospitali haiji kwa sababu bango la wilaya limesimamishwa, na zipo wilaya zilizokaa miaka bila hospitali ya serikali hata moja. Kwa hiyo kijana akisema wilaya ni hospitali, mweleze bila kumkejeli kwamba hospitali ni vita nyingine ambayo itabidi ipiganwe hata baada ya wilaya kupatikana.

Na kazi? Zipo, ila ni chache kuliko zinavyohesabiwa mtaani. Nafasi za wilaya zinajazwa kadiri fedha za mishahara zinavyoruhusu, na nyingi zinataka shahada na miaka ya uzoefu. Kinachotokea mara nyingi ni wafanyakazi wa wilaya mama, ile iliyomegwa, kugawanywa, halafu wilaya zote mbili zikabaki na wakuu wa idara wanaokaimu mwaka baada ya mwaka.

Fedha zinaeleza sababu. Wilaya zetu nyingi hupata zaidi ya asilimia 90 ya bajeti kutoka serikali kuu, na sehemu kubwa huja ikiwa imeshapangiwa kazi: mishahara ya walimu, dawa, barabara. Kwa kuwa mgao unaangalia mambo kama idadi ya watu, wilaya ikigawanywa fungu linagawanywa pia, lakini magari, majengo na viti vya ofisi vinatakiwa mara mbili. Ni kama ndugu wawili wanaotoka boma la baba: ng'ombe ni walewale, ila sasa kila mmoja anahitaji zizi lake na mchungaji wake. Yapo pia mapato ya ndani, na hapa sheria ina meno. Posho na malipo ya madiwani hayaruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Baraza linatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi miwili. Wilaya yenye masoko mawili ya mnada na mazao yasiyopita kwenye mizani yake itashindwa hata kulipia vikao vyake, na baraza lisilokutana halimwajibishi mtu. Kabla ya kura, omba kujua kaunti yenu ilikusanya kiasi gani katika mapato ya wilaya kwa miaka mitatu iliyopita. Hesabu hiyo iko kwa mweka hazina wa wilaya, wala si siri.

Ushuru wa soko haupandi kwa sababu tu wilaya imeanzishwa. Kiwango kinapangwa na mabaraza, na katika maeneo ya vijijini kaunti ndogo hukusanya, hubaki na asilimia 65 na kupeleka asilimia 35 wilayani, na katika ile 65 kijiji nacho kina fungu lake. Ila wilaya changa yenye njaa ya fedha hutafuta vyanzo: vibali, maegesho ya boda boda, ushuru wa mazao njiani. Tegemeeni msukumo huo, na mtake kila chanzo kipya kipitishwe na baraza hadharani.

Hayo yote hayamaanishi kwamba wilaya mpya ni siasa tupu, kama wengine mjini wanavyosema. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33, leo ni 135 na jiji la Kampala. Lakini sensa ya 1991 ilihesabu watu milioni 16.7, na ya 2024 milioni 45.9. Watu wameongezeka karibu mara tatu, na kuwaambia watembee kwenda ofisi zilezile za zamani hakuna haki. Arua peke yake imezaa Yumbe mwaka 2000, Koboko 2005, kisha Maracha, Madi-Okollo 2019 na Terego 2020. Muulize mtu wa Koboko kama angetaka kurudi kufuata kila karatasi Arua. Sidhani.

Hofu ya wazee juu ya makao makuu, ichukulieni kwa uzito wote, kwa maana West Nile imeshaonja. Mwaka 2006 kaunti za Maracha na Terego zilitolewa Arua ziwe wilaya moja. Hazikukubaliana makao makuu yakae wapi. Mwisho Terego ikarudi Arua, Maracha ikaendelea peke yake, na Terego haikupata wilaya yake mpaka tarehe 1 Julai 2020. Miaka kumi na minne, kwa sababu swali la mahali pa kujenga ofisi liliachwa lijibiwe baada ya kura badala ya kabla. Tororo nako, mashariki mwa nchi, mvutano wa nani atabaki na mji umekwamisha mgawanyo kwa miaka mingi, na umewaachia majirani uchungu mkubwa.

Kuhusu ardhi, kuna jambo moja ambalo ningependa ulisome kwa sauti kijijini. Mpaka wa wilaya hauhamishi umiliki wa shamba. Kifungu cha 237 cha Katiba kinasema ardhi ya Uganda ni ya raia wake, na kinatambua umiliki wa kimila sawa na aina nyingine. Shamba la babu ng'ambo ya mto linabaki la familia hata kama ofisi inayolihudumia ni ya wilaya nyingine.

Hata hivyo wazee hawaoti ndoto. Kila wilaya ina bodi yake ya ardhi, na bodi hiyo ndiyo inayoshughulikia hati na ardhi isiyo na mwenyewe. Malisho ya pamoja yasiyo na karatasi yanaweza kuonekana na bodi mpya kama ardhi isiyo na mtu. Tena wilaya huundwa kwa kutaja kaunti na kaunti ndogo zinazoingia, kwa hiyo mpaka mpya ni ule wa zamani wa kaunti, ambao pengine haujawahi kuwekewa mawe. Ulipokuwa ndani ya wilaya moja haukumsumbua mtu. Ukigeuka mpaka wa wilaya mbili, kila upande unaanza kutoza ushuru na kudai kura huko. Mnajua yaliyotokea Apaa, kati ya wilaya za Adjumani na Amuru. Watu wamekufa pale kwa sababu ya mstari ambao pande mbili haziusomi sawa.

Ipo njia nyingine pia, nayo husahaulika. Kama maumivu makubwa ni umbali, baraza la sasa linaweza kuagiza maofisa wa ardhi, elimu na ustawi wa jamii wakae makao ya kaunti yenu siku zinazojulikana kila mwezi. Mnaweza kushinikiza kituo chenu cha afya kipandishwe ngazi, au daraja lipewe kipaumbele katika mpango wa miaka mitano. Hayo hayahitaji Bunge. Hayana heshima ya kuwa na wilaya yenu, na najua heshima ni kitu, lakini yanaweza kuanza mwaka huu.

Basi umwambie nini diwani? Mimi ningekuwa kwenye kiti chako ningemwambia: ndiyo, kwa masharti yaliyoandikwa ndani ya azimio lenyewe. Azimio litaje kaunti ndogo zinazoingia moja moja. Litaje mahali pa makao makuu, baada ya wawakilishi wa pande zote kutia saini, na penye ardhi iliyotolewa kwa maandishi na wenyewe. Liseme mpaka wa mtoni utapitiwa na wapimaji pamoja na wazee wa pande mbili kabla wilaya haijaanza, na kwamba haki za malisho na maji zinabaki. Liseme pia jinsi mali na madeni ya wilaya mama yatakavyogawanywa, kwa sababu madeni nayo hurithiwa. Kama hakuna hata moja kati ya haya, aombe kura iahirishwe. Kuahirisha kikao kimoja ni rahisi kuliko kurudisha wilaya iliyovunjika.

Naye asiende na maneno ya mdomo. Baraza la kijiji chako ni wakazi wote wa miaka 18 na zaidi. Liite. Waache wanawake na vijana waseme, si wazee tu. Andika kumbukumbu, orodhesha waliohudhuria, watie saini, piga muhuri, kisha nakala moja ipite parishi na kaunti ndogo, nyingine ifike kwa karani wa baraza la wilaya, na ya tatu ubaki nayo. Omba rasimu ya azimio kabla ya kikao. Wakikunyima, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inakuruhusu kuiomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 21 za kujibu.

Kuna mahali ambapo ushauri wangu hautoshi. Kama kuna shamba au malisho ambayo tayari yanagombaniwa, msisubiri kura: nendeni na wazee kwenye kamati ya ardhi ya eneo mwulizie cheti cha umiliki wa kimila, na mfike ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi pale Arua muone ramani kwa macho yenu. Kama kuna mtu ameshapewa karatasi juu ya ardhi ya pamoja, mtafute wakili, hata wa msaada wa kisheria, akae nanyi na hati mkononi. Na kama vijana wa pande mbili wameanza kutishiana, mpigie RDC na mwone mwenyekiti wa LC1 wa ng'ambo siku hiyohiyo, mkae pamoja.

Azimio likipita bila masharti yenu, bado mlango mmoja upo. Hoja hizi huchunguzwa na kamati ya Bunge inayoshughulikia utumishi wa umma na serikali za mitaa, na mwananchi yeyote anaweza kuiandikia kupitia mbunge wake au moja kwa moja kwa karani wa Bunge. Ambatisha zile kumbukumbu zenye muhuri.